Rangi itasubiri

Kila anayechungulia karakana yangu siku hizi anauliza swali lilelile: mashine hiyo utaipaka rangi gani? Nawajibu kwamba rangi itasubiri. Hii milingi ndogo ya mezani, mashine ya kukatia chuma kwa kisu kinachozunguka, thamani yake haiko kwenye ganda la nje. Iko kwenye nyuso chache za chuma cha kusubu zinazopaswa kuwa tambarare, na kwenye spindo, yaani mhimili unaoshika kisu na kukizungusha, inayopaswa kusimama wima juu yake. Hivyo vikiharibika, uipake usiipake, unabaki na karibu kilo 300 za chuma chakavu.

Na kwenye chuma chakavu ndiko ilikokuwa inaelekea. Niliikuta kwenye karakana moja iliyokuwa inafungwa hapa Tanga, mnunuzi wa skrepa ameshaleta mizani. Ni ile aina ya Taiwan yenye nguzo ya duara, iliyozagaa dunia nzima. Iliniuma kufikiri kwamba ingeyeyushwa ikawa nondo. Nchi hii iliwahi kujenga kiwanda cha mashine kama hizi kule Hai, Kilimanjaro Machine Tools, kwa msaada wa Bulgaria. Tunajua thamani ya mashine inayozaa vipuri. Kuiachia tanuri wakati bado inapona ni hasara ambayo mimi siwezi kuinyamazia.

Upepo wa bahari ulikuwa umeitafuna vibaya: jiliwa la kubania vipande, magurudumu ya mkono na bolti vyote vilikuwa vyekundu kwa kutu. Lakini nilipoivuta meza pembeni na kukwangua grisi iliyoganda, chini yake njia ambazo meza huteleza juu yake zilikuwa safi, na alama za kukwangulia za kiwandani bado zinaonekana. Aliyeitia grisi nyingi kiasi kile, Mungu ambariki.

Kutu ya vipande vidogo niliitoa kwa magadi, yaleyale tunayonunua sokoni kwa ajili ya kuivisha maharage. Ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko cha chakula kwa kila lita nne, na chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu kinafungwa kwenye waya hasi. Kwenye waya chanya unaning'iniza kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji. Usitumie chuma cha pua upande huo, maana kromu iliyomo hugeuka sumu ndani ya maji. Na kazi hii ni ya uani, kwenye hewa, kwa sababu mapovu yanayopanda ni haidrojeni, nayo hushika moto. Jiliwa lilipotoka lilikuwa na utando mweusi laini kama masizi. Brashi na maji safi vikaumaliza. Kisha papo hapo mafuta, kwa sababu magadi yetu ya asili yana chumvi, na kwa unyevu wa huku pwani chuma kilicho uchi hakisubiri jioni.

Meza yenyewe sikuigusa kwa grenda wala msasa. Nilipitisha kinoo laini chenye mafuta ya taa, polepole, mpaka kikaacha kukwama kwenye vinundu. Kinoo kinalamba kilichoinuka tu. Msasa unakula popote mkono unapoelemea.

Halafu kupima kama spindo imesimama wima juu ya meza, na hapa ndipo nilipopapenda kuliko kazi yote. Unafunga geji ya mshale, inayoonyesha tofauti ndogo sana za kimo, kwenye spindo kwa mkono wa milimita 100, unaizungusha taratibu kwa mkono juu ya meza, ukisoma kila upande. Mzee jirani yangu, aliyestaafu karakana ya reli, alikuja nikiwa katikati ya shughuli. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye mshale.

"Umepima mbele na nyuma, mwanangu, au kushoto na kulia tu?"

Kushoto na kulia tofauti ilikuwa ndogo. Mbele na nyuma ilikuwa milimita 0.11: meza inasomeka juu zaidi upande wa mbele, maana yake nguzo imeinamia kwa mwendeshaji. Mashine za aina hii hazina skrubu ya kurekebisha hilo. Dawa yake ni shimu, kipande chembamba cha bati cha kuinulia, chini ya kitako cha nguzo, kwenye bolti za mbele. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1, na kutoka bolti za mbele hadi za nyuma ni kama milimita 200, sawa na kipenyo cha duara la geji yangu. Kwa hiyo hesabu inakuja karibu moja kwa moja. Tulikata vipande, tukafunga bolti kwa zamu, tukapima: 0.02. Mzee alishika geji mwenyewe, akaizungusha tena, akatikisa kichwa kukubali. Nilifurahi kupita kiasi.

Nguzo ya duara ina kasoro yake ya kuzaliwa: ukipandisha kichwa, kinazunguka, na unapoteza mahali ulipokuwa. Nimefunga taa ndogo ya leza kwenye kichwa, inachora mstari kwenye ukuta ulio mita 4 mbele. Nikiurudisha mstari pale pale kwa tofauti isiyozidi milimita 1, kwenye spindo kosa halizidi 0.05. Kwa matundu ya bolti inatosha kabisa.

Umeme ulikuwa rahisi. Mota ni ya fezi tatu, nyumbani kuna fezi moja, kwa hiyo inaendeshwa na inveta, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu. Kibao chake kimeandikwa 230/400, na fundi umeme alihamisha vibati vya ndani kutoka muungo wa nyota (wa volti 400) kwenda wa delta ili ipokee 230. Swichi ya zamani tumeitoa kwenye njia ya mota. Amri zote zinapitia inveta.

Leo jioni imekata kwa mara ya kwanza, kipande cha chuma laini, ukina wa nusu milimita. Sauti ilikuwa moja, bila kutetemeka. Lakini nati ya skrubu ya meza imelika katikati: gurudumu linazunguka milimita 0.4 kabla meza haijasogea. Kwa pleyi hiyo, yaani ulegevu huo, nakata kwa kuisukuma meza kinyume na mzunguko wa kisu tu, kwani nikifuatana nacho kisu kitaikamata meza na kuivuta. Nimeshapata kipande cha bronzi, na mzee ana tepu, chombo cha kukatia uzi ndani ya nati, ya uzi unaofanana. Tutaikereza nati mpya kwake, Jumamosi, akitoka msikitini alfajiri.