Alama ya Tano

Somo: Ezekieli 33:1–9

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juzi mvua ilipoanza kupiga mabati niliamka saa nane usiku nikabaki nasikiliza. Lakini si mvua ya hapa ninayoiogopa. Sisi tuliozaliwa kando ya mto Tana, huku chini upande wa Hola, tunajua mvua ya kwetu ni haba na haimtoi mtu nyumbani. Maji yanayotutoa hunyesha mbali, kwenye Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakatufikia siku kadhaa baadaye. Yakifika huenda jua linawaka na watu wameanika mpunga.

Mwaka 1997, mwaka wa El Niño, nilikuwa darasa la nne. Mjomba wangu alikata mti mnyoofu mrefu kumpita yeye mwenyewe, akauchonga alama kwa panga, kila alama kiganja kimoja juu ya nyingine, akaukita pale mama zetu walipokuwa wakichota maji. Kila usiku alishuka na koroboi kuutazama. Alisimama mbali kidogo kwa sababu ya mamba, akiinua taa juu ahesabu alama zilizobaki kavu, kisha akarudi kukaa mlangoni. Mchana alikuwa anasinzia hovyo. Kanisani ndiyo usiseme, kidevu kifuani tangu wimbo wa kwanza. Sisi watoto tulimcheka, na mzee mmoja wa kanisa akamkanya mbele ya watu kwa mfano wa wanawali waliosinzia. Nikikumbuka naona haya kwa niaba yetu sote. Mtu mmoja tu alikesha kijiji kizima, na ndiye aliyesomewa habari za waliolala!

Usiku ule aligonga milango kwa mpini wa panga. "Amkeni, imemeza ya tano." Hakuongeza neno. Mama alikwisha kukunja mikeka tangu jioni, maana aliwaona wafugaji wa Kiorma wakiondoa ng'ombe mabondeni, na mama aliwaamini ng'ombe wa Waorma kuliko redio. Tulipanda hadi shuleni, kwenye ardhi ya juu. Kulipopambazuka tukaona kinu cha mama kinakwenda na mto kama mtumbwi mdogo, mchi haupo. Mpunga wa ghalani ulipotea. Watu walikuwa wote.

Wazee wetu, niseme ukweli, hawakuyachukia mafuriko. Yale madogo ya kila mwaka yalileta tope, na juu ya tope hilo Wapokomo walipanda mpunga na migomba bila kununua mbolea. Kisha huko juu yakajengwa mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, baadaye Kamburu na Gitaru, halafu Masinga mwaka 1981, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, na Kiambere mwaka 1988. Taa zinawaka nchini kwa maji haya haya (nguzo zilichukua muda wake kutufikia sisi tulio kando yake, lakini hayo ni ya siku nyingine). Mafuriko madogo, yale mazuri, mengi yanaishia bwawani, na tope jema linatuama huko. Makubwa yakija wakati mabwawa yamekwisha kujaa, hakuna pa kuyaweka. Yanamwagika, yanashuka kwetu. Kwa hiyo tumebakiwa na mgeni yule yule wa zamani, ila siku hizi anakuja mara chache, kwa hasira, na mikono mitupu.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniamsha.

Mwaka 2018, mvua za masika, ilani ilinifikia kwenye simu mchana: mabwawa ya huko juu yamejaa, maji yanapita, walio kando ya mto wahamie sehemu za juu. Niliisoma mara mbili. Nikapakia magodoro na watoto kwenye pikipiki, safari tatu, hadi kwa shemeji yangu. Jioni nikaandika Isaya 43:2 kwenye kundi letu la maombi: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Watu kumi na wawili wakajibu Amina. Nikalala.

Jirani yangu ni bibi mjane. Simu yake ni mulika mwizi, na siku hiyo haikuwa na chaji. Kati ya mlango wangu na wake ni hatua arobaini, nimezihesabu baadaye. Yeye alijua maji yamekuja aliposhusha mguu kitandani kutafuta ndara akakuta zinaelea. Alipanda juu ya meza, akakaa hapo gizani mpaka vijana wakamfuata na mtumbwi asubuhi.

Nilimkuta shuleni, amekaa kwenye dawati la watoto, anakamua leso.

"Mjukuu wangu, wewe ulikuwa umeambiwa?"

"Nilikuwa nimeambiwa, Bibi."

Akaendelea kukamua leso yake.

Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 9 Mei, bwawa la Solai kule Nakuru lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40, wengine usingizini. Nilisikia habari ile nikiwa bado na pikipiki ya matope, nikashindwa kula.

Ezekieli 33 tumezoea kuisoma wakati wa mikutano ya injili, tukamwachia mhubiri mzigo wote. Nimeisoma upya wiki hii taratibu. Mlinzi wa mji hakuambiwa auzuie upanga unaokuja. Hakuambiwa awe hodari, wala aujue upanga unatoka kwa nani. Kazi yake ni kuona na kupiga tarumbeta, basi. Akiona akanyamaza, anayekufa anakufa, na damu yake inatakwa mkononi mwa aliyeona. Mjomba wangu hakuzuia hata ndoo moja ya Tana. Na mimi Bwana hataniuliza habari za ukuta wa Masinga. Ataniuliza zile hatua arobaini. Aya ile ya Isaya ilikuwa kweli tupu, na niliituma kwa watu waliokuwa tayari wako mahali pakavu.

Bwana, wewe uliyemhifadhi Bibi juu ya meza wakati mimi nimelala, unirehemu. Uniondolee uzito wa miguu. Amina.

Baada ya ibada ya Jumapili iliyopita nilikata mti, nikauchonga kwa panga la marehemu mjomba, nikaukita chini ya nyumba ya Bibi. Alitoka akasimama kando, akauliza mbona alama ziko karibu karibu hivyo. Nikamwambia ni kiganja changu, cha mjomba kilikuwa kikubwa. Jana usiku nilishuka na tochi. Maji yalikuwa yamefika alama ya pili. Niligonga dirishani nikamwambia, akajibu kwamba hajalala, amenisikia nikija.