Kuta tatu za Clipstone

Jana jioni binti yangu alirudi shule na swali: "Mama, Robin Hood alikuwa jangili?" Nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Neno hilo lina uzito kwetu.

Uzito huo niliuelewa mwaka ule baba alipokuja kututembelea huku Uingereza. Siku moja nilimpeleka Kings Clipstone, kijiji kilicho ndani ya uliokuwa msitu wa wafalme wa Sherwood, ule wa hadithi za Robin Hood, mwasi aliyewinda kulungu wa mfalme. Kuna magofu ya jumba lao la kuwindia: kuta tatu, zimesimama peke yake kwenye malisho. Watu huliita Kasri la Mfalme John, ingawa aliyetumia fedha nyingi kulijenga ni baba yake, Henry wa Pili. Mfalme Richard, kaka yake John, alikutana hapo na mfalme wa Uskoti mwaka 1194. Mfalme Edward wa Kwanza akaitisha bunge hapo mwaka 1290. Nilimweleza yote hayo harakaharaka, upepo ukitupiga.

Baba hakuitikia. Alivua glavu moja, akaweka kiganja ukutani. Mawe ya kuchonga yaliyofunika kuta yaling'olewa zamani; kilichobaki ni mawemawe na chokaa, kama mfupa uliokwanguliwa nyama. Chembe ya chokaa ikadondoka kwenye mkono wa koti lake. Hakuipangusa. Alibaki hivyo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Na watu wa hapa walikula nini?" akauliza.

Nikamwambia kulungu walikuwa wa mfalme. Mbwa wa wanavijiji walikatwa kucha tatu za mguu wa mbele wasiweze kukimbiza mnyama. Hadi Hati ya Misitu ya mwaka 1217, mtu aliweza kupoteza uhai au kiungo kwa nyama hiyo. Baada ya hapo ikawa faini, na asiye na cha kulipa, kifungo cha mwaka mmoja na siku moja.

"Babu yako walimpa miezi sita," baba akasema, mkono ukiwa bado ukutani. "Paja la nyumbu. Lilishakuwa kimoro, limekauka."

Nyumbani Mugumu, jirani na Serengeti, tuliambiwa kwamba mwaka aliofungwa babu alikwenda Musoma kutafuta kazi. Nililiamini hilo mpaka nikawa mama. Naipenda Serengeti, nataka wale nyumbu wawepo wajukuu wangu wawaone. Na babu yangu hakuwa mwizi.

Binti bado anangoja jibu. Jumapili, mvua isiponyesha, nitampeleka pale kwenye kuta. Nitaanza na babu. Robin Hood atafuata.