Msumeno wa Mkanda Ulionitia Hasara ya Mota

Kila fundi niliyemlalamikia kwamba msumeno wangu wa mkanda unapasua mbao upogo alinipa jibu lilelile: mota ni ndogo. Niliwaamini, nikafunga mota kubwa kwa fedha ambayo nyumbani ilikuwa imeshapangiwa kazi nyingine, na mbao zikaendelea kwenda upogo vilevile, ila sasa kwa haraka zaidi.

Ubovu ulikuwa kwenye mipira inayovishwa magurudumu mawili, la juu na la chini, yanayozungusha mkanda, yaani ule utepe wa chuma wenye meno. Ilikuwa imelika na kufanya mfereji katikati, hivyo mkanda ukawa unatangatanga badala ya kutulia mahali pake. Hapo nikajiona mjanja: nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaunga ncha zake na kuubandika kwa gundi bila ubahili. Nilipowasha, mashine nzima ilitikisika, tak, tak, tak, kila mzunguko, kwa sababu gundi ilikuwa imejikusanya chini ya mpira na kuacha vinundu, na pale kwenye kiungo palikuwa na tuta kabisa. Kuibandua kulinichukua jioni mbili za kukwangua kwa patasi butu, nikijilaani.

Mara ya pili nilinunua mipira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo kwa makusudi huwa midogo kuliko gurudumu ili ijibane yenyewe bila gundi. Haikuingia hata kwa matusi. Nikailoweka katika sufuria ya maji ya moto mpaka ikalegea, nikabana upande mmoja kwenye gurudumu kwa jiriwa ndogo, kisha nikaivuta kidogo kidogo kuzunguka ukingo, na ikaingia kwa mlio mmoja mtamu ambao sijausahau. Sufuria nilirudisha jikoni kimyakimya.

Vishikizo vya chuma vilivyokuwa pembeni mwa mkanda ili usiyumbe nilivitoa, nikachonga vipya kwa mti mgumu uliolowekwa mafuta, nikaacha nafasi ya unene wa karatasi tu na kuhakikisha vinaishia nyuma ya meno, maana vikiyagusa, meno hupoteza mpangilio wake wa kupinda kulia na kushoto. Anayepasua mbao nene kwa mkanda wa meno madogo mengi, kama nilivyokuwa nikifanya, anajitesa: unga hujaa kati ya meno na mkanda hupinda. Mkanda wa upana wa nusu inchi wenye meno 3 kwa kila inchi ulinitosha.

Nilipomaliza nilisimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza ya mashine, nikawasha, nayo haikuanguka. Siku hiyohiyo nikapasua ubao kuwa vipande vyembamba vya milimita 2, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Mota ile kubwa ningali nimeiacha palepale, kwa kuwa nikiitoa nitaulizwa niliinunua ya nini.