Niambie Sabini na Tano

Baba alinijibu neno Jumatatu jioni na mpaka leo Jumamosi halijanitoka. Rukia, mjukuu wake, ameolewa, CT mpya, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, imefungwa kazini na tumeshaanza kuitumia, mama mkubwa amekuja kutoka Lamu na amesharudi Lamu, na katikati ya yote hayo mimi nilikuwa nikirudia kichwani mazungumzo ya dakika chache pale barazani, mara nikiyapa sauti hii, mara sauti ile.

Mnaomjua mnajua alivyo. Karani wa bandari, aliyelea watoto wake kwa kuhesabu magunia yanayoshuka melini na kuyalinganisha na karatasi, na gunia moja likipungua lazima mtu aulizwe. Kazi aliiacha, kuhesabu hakukumwacha. Siku hizi anahesabu vidonge. Ile tasbihi mnayomwona nayo kwenye picha za Idi haitoki mkono wa kulia hata wakati hana uradi anaousoma. Mkono ukianza kutetemeka, mpita njia hudhani mzee yuko katika dhikri. Hila hiyo aliibuni mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ugonjwa wake wa Parkinson, na mimi sikuigundua mpaka aliponiambia.

Sasa Jumatatu. Akaanza na swali lake la siku zote: "Wewe wapiga picha za vichwa vya watu kutwa kucha. Changu hukipigi kwa nini, tukaona hii dawa inafika wapi?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote. Mashine zetu huonyesha umbo: damu iliyovuja, uvimbe, mfupa uliovunjika. Lakini yeye kilichompungukia ni dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Seli zinazoitengeneza, zilizojificha ndani kabisa ya ubongo, zinakufa polepole, na hilo CT hailioni. Hata picha yake ya MRI, mashine nyingine ya kutazama ubongo, ya mwaka ule ilitoka safi, daktari akafurahi, baba hakufurahi. "Safi vipi, na mkono huu?"

Kwa kawaida tunaishia hapo. Safari hii nilikuwa nimetoka kusoma, ulimi ukawasha. Nikamwambia ipo mashine ya PET, ambayo mtu hudungwa dawa iliyofungiwa atomu yenye mnururisho, kisha mnaangalia imekwenda kukaa wapi. Nairobi zipo, kazi yake kubwa ni saratani. Lakini Vancouver, kule Kanada, wakina de la Fuente-Fernández na Stoessl wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliitumia kuwatazama wagonjwa kama yeye, na mwaka 2001 wakatoa jambo lililowashangaza wengi. Wagonjwa waliambiwa watadungwa ama dawa ya Parkinson, ama maji ya chumvi matupu, bila kujua ni ipi. Waliodungwa maji matupu, ubongo wao ukamwaga dopamini. Ubongo uleule uliochoka, uliosemekana hauna kitu.

"Walijuaje?" Karani huyo.

Nikamweleza habari ya raklopridi. Hiyo ndiyo dawa wanayoifungia mnururisho, na inakaa kwenye vipokezi vilevile vya dopamini, yaani pale kwenye seli ambapo dopamini hutua. Ni matatu ya jioni, nikamwambia: viti ni vilevile, abiria ni wa aina mbili. Dopamini ikimwagika inawahi viti, raklopridi inabaki nje, na ile sehemu ya ubongo kwenye picha inafifia. Mwanga ukipungua, ujue dopamini imeingia. Hili alilipenda sana. Akalirudia polepole: pungufu kwenye karatasi maana yake shehena imefika.

Ningenyamaza hapo tungekula chajio kwa amani. Nikamwongezea na ule utafiti wa pili wa watu hao wa Vancouver, wa mwaka 2010. Wagonjwa waligawanywa makundi manne. Kundi moja waliambiwa uwezekano wa kupewa levodopa ya kweli, dawa hii anayomeza yeye, ni asilimia 25, wengine 50, wengine 75, wengine 100. Wote wakapewa kidonge kitupu. Dopamini ilionekana kumwagika waziwazi kwa kundi moja tu, wale wa 75. Wale wa 100, walioambiwa ni hakika, hapana.

Baba akanyamaza. Tasbihi ikaenda, punje moja, punje nyingine. Kisha, bila kunitazama:

"Na wewe ukinipa kidonge changu, huniambia ngapi?"

"Mia, baba."

"Ndiyo maana."

Basi. Ndiyo maana. Akageuka akaitikia salamu ya mtu aliyekuwa akipita, akaomba viatu vyake, adhana ilikuwa karibu.

Nimelitafuna neno hilo kila upande. Ni utani? Baba ana utani, lakini utani wake huja na jicho, na jicho sikuliona, alikuwa ameniangalizia sikio. Ni lawama? Mimi ndiye ninayeamka kabla ya alfajiri kumpa cha kwanza, saa nzima kabla ya mbaazi, kwa sababu protini ya mbaazi na levodopa hugombea njia moja kutoka tumboni kwenda kwenye damu, na mbaazi hushinda. Mimi ndiye ninayemnyang'anya sahani ya mahamri mzee aliyezikula mbaazi za nazi kila asubuhi tangu hajaota ndevu. Halafu ndiyo maana! Ndiyo maana nini? Ningemwambia mgonjwa wangu mwenyewe nini, kwamba sina hakika? Nimefundishwa kazini kumwambia mtu "tulia, itakuwa sawa" kabla hata hajalala kwenye meza.

Jumanne zamu ya usiku ilikuwa kimya, nikafungua tena yale maandishi. Nilitaka kutafuta pa kumpinga, nikaishia kusahau hasira. Ile raklopridi inabeba kaboni-11, ambayo kila dakika 20 nusu yake inakuwa imekwisha. Huwezi kuiagiza. Inatengenezwa palepale, kwenye saiklotroni, mashine ya kutengeneza atomu zenye mnururisho, ya maabara ya TRIUMF iliyoko kwenye eneo la chuo hichohicho, kisha dawa hizo husafirishwa hadi hospitali kwa bomba lililopita chini ya ardhi, zaidi ya kilomita 2, kwa msukumo wa hewa, dakika chache imefika. Mimi huku nasubiri filamu ya eksirei iletwe na mtu anayepitia kwanza kantini.

Na nikasoma tena ripoti ya ELLDOPA, jaribio la levodopa, ya mwaka 2004, ambayo kila mtu wa picha anapaswa kuisoma ili apunguze kiburi. Wagonjwa 361, wiki 40, wengine wakipewa levodopa kwa viwango mbalimbali, wengine kidonge kitupu. Dawa iliposimamishwa kwa wiki mbili, waliokuwa kwenye levodopa bado mikono na miguu yao ilikuwa na hali bora. Lakini wale waliopigwa picha za ubongo, picha zikasema kinyume: alama za seli za dopamini zilishuka kwa kasi zaidi kwa waliokunywa dawa. Dawa inadhuru seli? Au inabadilisha tu kile kitu ambacho picha inakipima? Wakabishana miaka. Maoni yangu, na mimi ni radiografa tu: mkono unaofunga kifungo ni ushahidi, na picha ni shahidi wa pili. Hilo ningemwambia baba Jumatatu, lakini Jumatatu hakuuliza hilo.

Alhamisi, siku ya nikaha, nilimpelekea kidonge chumbani. Kanzu mpya, ile yenye vifungo vidogo shingoni ambavyo fundi cherehani alivishona bila huruma. Baba akakipokea, akakifumbata.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Hesabu."

Jicho nililiona sasa. Nikasema sabini na tano, baba. Akameza, akashusha na maji, akakaa kitandani akingoja mikono juu ya magoti. Tulipokwenda kumchukua baadaye, vifungo vyote vimefungwa, hata cha juu kabisa, na yuko mlangoni anatusuta kwa kuchelewa.

Nilicheka njia nzima. Lakini mniruhusu niwe mtu wa maabara kidogo. Asubuhi ile hapakupikwa mbaazi, watu wote walikuwa kwenye sufuria za biriani. Tumbo lake lilikuwa tupu na kidonge kilipita bila mpinzani. Kwa hiyo kilichofunga vifungo ni levodopa, au njaa, au sabini na tano, au raha ya kumwoza mjukuu. Hapa Mombasa hatuna mashine ya kunitenganishia hayo, na hata ingekuwepo, baba asingekubali kufungwa kichwa siku ya harusi.

Kosa la baba ni kuisimulia. Kufika wakati wa kahawa baraza zima la wanaume lilikuwa limeshasikia kwamba Wazungu wamewapa watu vidonge vitupu wakapona. Ikafika kwenye kundi la familia, na kaka wa Muscat, anayelipia nusu ya dawa, akaandika, sawasawa kabisa, hana mzaha: "Kwa hiyo inawezekana kupunguza dozi?"

Hapo nikapandwa. Nikamtumia sauti ndefu. Kwamba hakuna aliyepona. Kwamba dopamini waliyoimwaga ilitoka kwenye akiba yao wenyewe inayokwisha, na mwisho wa jaribio watu wale walirudi kwenye dawa zao. Kwamba levodopa ikikatwa ghafla mtu anaweza kukauka mwili, homa ikapanda, akafika wodini akiwa hoi. Kwamba zungumzo la pesa tulizungumze kama pesa, tusilivishe sayansi. Akanijibu kwa kidole gumba. Sijui amesikiliza hadi mwisho au la, na shangazi hapohapo akaingilia na habari za upupu, kwamba mbegu zake zina dawa hiyohiyo. Zina levodopa kweli, shangazi, ila nani atakupimia ni kiasi gani kwenye kijiko?

Baba mwenyewe leo asubuhi kadai mahamri. Nikamwambia subiri saa moja. Akaniuliza nina hakika kiasi gani kwamba ni saa moja.

Jambo jingine. Jirani wa nyuma anapandisha ghorofa na amerundika mawe yake kwenye ukuta wetu wa uani. Ufa umeanzia kwenye bomba, sasa uko chini ya dirisha la jikoni, na kidole kinaingia. Fundi alisema Jumatatu, sasa anasema Alhamisi, na mvua hizi haziko mbali. Kuna anayemjua mtu wa majengo pale kaunti, asiye wa kuzungushana?