Orodha ya darasa isitoke ofisini na safu zake zote

Fungua faili la wanafunzi wa Kidato cha Pili kwenye kompyuta ya ofisi ya skuli, uhesabu safu zake. Si ajabu ukakuta 14: jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti cha kuzaliwa, shehia, jina la mzazi au mlezi, simu yake, kazi yake, namba ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, mtoto anaishi na nani, ulemavu, maradhi, michango aliyolipa, na ya mwisho "maelezo". Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haina mpaka. Humo mtu kaandika "baba yuko jela", "alijifungua akarudi skuli", "anameza dawa kila siku".

Sasa wanakuja watu wa kambi ya macho. Wanataka majina ya watoto 60 watakaopimwa Jumatatu. Karani ana shughuli nyingi, anawatumia faili zima. Hakuna aliyeiba kitu wala aliyevunja nywila, lakini kuanzia saa hiyo maradhi ya mtoto na simu ya mama yake vimo kwenye simu ya mtu ambaye skuli haimjui vizuri.

Madhara yake ni ya karibu sana. Jina la mtoto, darasa lake na simu ya mzazi, vitatu hivi vikikaa pamoja, ndivyo anavyovitaka tapeli. Anampigia mama saa tano asubuhi: "Mwanao fulani wa Kidato cha Pili B kaanguka, yuko hospitali, tuma pesa ya dawa kwa namba hii." Mama akisikia jina na darasa, haulizi tena. Kwa hiyo vitatu hivyo visitoke ofisini kwa pamoja bila sababu inayoandikika.

Kisheria, Zanzibar tuna hali yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inatumika Bara na Zanzibar, ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Baraza la Mitihani la Tanzania vilevile. Maandalizi, msingi na sekondari ni mambo yetu wenyewe, chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Ndiyo maana mwalimu mkuu wa Wete akinakili fomu za skuli ya Dar es Salaam neno kwa neno anaweza kujikuta anaahidi mambo ambayo hayapo upande wake. Hata hivyo hayuko huru kufanya atakalo: Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu na ya familia yake, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Na skuli binafsi inayohifadhi taarifa zake kwenye mfumo wa kampuni iliyoko Bara ijue kuwa kampuni hiyo inabanwa na sheria ya 2022. Kabla ya kutia saini, iombe cheti chake cha usajili kutoka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Rai yangu ni kuichukua sheria hiyo kuwa kipimo hata pale isipokulazimisha, kwa sababu moja kubwa: inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, pamoja na za afya na dini. Ukianzia hapo, maamuzi mengi ya ofisini yanakuwa mepesi.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuligawa faili lile. Faili mama, lenye kila kitu isipokuwa maradhi na maelezo, libaki kwenye kompyuta moja na lifunguliwe na watu wawili tu: mwalimu mkuu na karani. Safu hizo mbili zitoke kabisa, ziende kwenye daftari la mwalimu wa ushauri nasaha, linalofungiwa kwenye kabati la chuma. Mwalimu wa darasa anahitaji jina, jinsia na simu ya dharura. Kambi ya macho inahitaji jina, darasa na umri kwa miaka; tarehe kamili ya kuzaliwa haiwasaidii kupima macho. Sheha akiuliza watoto wa shehia yake wasiohudhuria, mpe majina ya hao wasiohudhuria, basi. Anayetaka orodha ya wanafunzi waliotimiza miaka 18, kwa shughuli yoyote ile, alete barua yenye muhuri inayotaja sababu, na jibu lipitie kwa Afisa Elimu wa Wilaya. Maombi ya mdomo mlangoni ndiyo yanayotoa orodha nyingi kuliko kitu chengine chochote.

Kuna kosa moja la Excel linalojirudia sana. Karani anaambiwa aondoe simu za wazazi, naye anaificha safu. Safu iliyofichwa imo bado; anayepokea anabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuifichua kwa sekunde mbili. Kuhifadhi kama CSV, yaani faili la jedwali la maandishi matupu, hakusaidii, safu zilizofichwa zinakwenda nalo. Njia sahihi ni kufungua faili jipya tupu, kunakili safu zinazotakiwa peke yake, kuzibandika kama thamani tu, bila fomula, kisha kugeuza kuwa PDF na kutuma hiyo. Kosa jengine ni kuamini "Protect Sheet". Hiyo inazuia mtu kuhariri tu, kusoma anasoma. Kinga ya kweli iko kwenye "File", kisha "Info", kisha "Protect Workbook", uchague "Encrypt with Password". Nywila usiitume kwa njia ile ile iliyopita faili: faili likienda kwa barua pepe, nywila itamke kwa simu. Na iandikwe pahala pamoja salama, kwa sababu ikisahauliwa faili limekwenda.

WhatsApp inataka kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo ofisi ya pili ya kila skuli. Katika kundi la kawaida la wazazi wa darasa, kila mwanachama anaona namba za wote. Kiungo cha kujiunga kikisambazwa, anaingia hata asiye na mtoto pale. Kwa matangazo, orodha ya matangazo inafaa zaidi: inachukua hadi watu 256, kila mmoja anapata ujumbe peke yake na haoni namba za wenziwe. Inakwama kwa jambo moja: mzazi asiyeihifadhi namba ya skuli kwenye simu yake haupati ujumbe, na wewe huambiwi. Siku ya kuandikisha, mzazi aihifadhi namba mbele ya karani. Inachukua nusu dakika. Namba yenyewe iwe ya skuli, kwenye simu inayolala ofisini, isiwe ya mwalimu mmoja ambaye akihamishwa Mkoani anaondoka na wazazi 200 mfukoni.

Matokeo ya mtoto mmoja mmoja yasipite kundini hata siku moja, wala orodha ya waliochelewa kutoa michango. Picha ya ukurasa wa matokeo ikishatumwa, simu nyingi zinaihifadhi zenyewe kwenye albamu, na nyengine zinaipandisha kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu. "Futa kwa wote" inafanya kazi kwa siku mbili na nusu hivi, na inafuta ujumbe ndani ya kundi. Nakala aliyokwishaihifadhi mtu haiigusi.

Watu husema, mbona Baraza la Mitihani la Tanzania linaweka matokeo ya Kidato cha Nne mtandaoni? Tazama linavyoyaweka: namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja na masomo. Jina halimo. Skuli ndiyo inayoliharibu hilo inapobandika kwenye ubao orodha ya majina na namba za mtihani, na karatasi ikabaki pale mpaka matokeo yanatoka. Anayepita na simu akaipiga picha ana ufunguo wa darasa zima. Bandika siku za mtihani tu, ubandue jioni ya karatasi ya mwisho.

Wakati huohuo usahihi nao ni sehemu ya ulinzi, na kwetu majina yanasumbua. Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamisi kwenye daftari la uandikishaji, Hamis kwenye usajili wa mtihani. Mtoto anakuja kukwama chuoni miaka mitatu baadaye. Kabla ya usajili wa mtihani kufungwa, chapisha mstari wa kila mtoto kwenye kipande chake cha karatasi, apeleke nyumbani, mzazi aulinganishe na cheti na kutia saini. Kipande kimoja kwa mtoto mmoja. Usizungushe orodha nzima darasani watoto wasomeane tarehe za kuzaliwa na majina ya baba.

Flash ina safari yake. Mwalimu anaipeleka kwenye duka la uchapishaji Chake Chake au Darajani kuchapa ripoti za muhula, mwenye duka ananakili faili kwenye kompyuta yake ili lifunguke haraka, ripoti zinachapwa, flash inarudi na virusi, na faili linabaki pale dukani pamoja na ya skuli nyengine tano. Printa ndogo ya ofisi ni bora kuliko hasara hii. Kama haipo, peleka PDF yenye ripoti peke yake, simama hapo mpaka kazi iishe, kisha omba faili lifutwe na kapu la taka la kompyuta limwagwe mbele yako. Si ufutaji kamili, kwani programu za kurejesha faili zinaweza kulifufua, lakini unalizuia jicho la mpita njia. Kwa flash inayosafiri kati ya skuli na wilaya, programu ya VeraCrypt ni ya bure na inaifunga yote kwa nywila. BitLocker, kinga kama hiyo ya Windows yenyewe, haimo ya kufungia flash kwenye Windows ya Home, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za kununua madukani.

Na karatasi! Unaweza kununua njugu za shilingi 500, ukafungua karatasi ukakuta mtihani wa mtoto: jina, skuli, alama 23 kwa wino mwekundu. Karatasi za skuli zinauzwa kwa kilo, na anayeziuza mara nyingi haoni ubaya. Weka muda wa kila aina. Daftari la uandikishaji ni la kudumu, na adui yake hapa ni unyevu na mchwa, kwa hiyo lisikae sakafuni wala ukutani upande wa mvua. Karatasi za mitihani ya ndani ya muhula zirudishwe kwa wenyewe. Zisizochukuliwa ziharibiwe mwisho wa mwaka. Mashine ya kukata iwe ya kukata vipande vidogo, ile ya mistari mirefu inaacha jina likisomeka lote kwenye mstari mmoja. Pasipo mashine, loweka kwenye pipa la maji usiku kucha, zipondwe asubuhi mpaka ziwe uji, ndipo zitupwe. Kuchoma rundo zima hakufai: katikati haliungui, na upepo unachukua kurasa mpaka barabarani.

Wageni wenye kamera nao wawe na utaratibu, hasa skuli za ukanda wa pwani kama Nungwi, Jambiani na Paje. Mgeni asiingie darasani na simu mkononi kwa sababu tu ameleta madaftari. Ridhaa ya picha ichukuliwe wakati wa kuandikisha, kwa maneno ambayo bibi mlezi anaweza kusomewa akaelewa: "Naruhusu / siruhusu picha ya mwanangu kutumika kwenye ubao wa skuli. Naruhusu / siruhusu itumike mtandaoni. Naweza kubadilisha jibu siku yoyote kwa kumwambia mwalimu mkuu, na mtoto hatanyimwa kitu." Visanduku viwili vitenganishwe, saini moja kwa kila kitu haimwambii mzazi kakubali nini. Wala usimwombe ridhaa ya jambo ambalo utalifanya tu hata akikataa, kama kumuandika kwenye daftari la uandikishaji. Hapo mueleze, inatosha.

Ikitokea orodha imevuja, saa ya kwanza ina thamani kubwa. Futa ujumbe au funga kiungo kabla ya kutafuta nani mwenye makosa. Piga picha ya skrini inayoonesha waliokwishaupokea. Wapigie mmoja mmoja wafute, uandike majina yao na saa uliyowapigia. Andika safu zilizokuwemo, watoto wangapi, na nani aliarifiwa wilayani. Kisha wazazi wa watoto hao waambiwe na skuli yenyewe siku hiyo hiyo, kwa simu au ana kwa ana, si kundini. Maneno yawe mafupi na ya kweli: "Assalamu alaykum, bibi. Leo saa nne asubuhi ofisi yetu imetuma kwa makosa orodha yenye jina la mjukuu wako, darasa lake na simu yako. Wamepokea watu 9, tumewapigia wote wafute. Mtu akikupigia akasema mtoto anaumwa na anataka pesa, usitume. Kata, utupigie sisi kwa namba hii."