Siku moja maishani mwangu: mimi ni fundi wa geji

Nikisema kazi yangu ni kukagua geji za presha, watu wanadhani nasoma mita za maji majumbani. Wengine wananiambia kabisa "si ile saa ya presha tu, ikifa unanunua nyingine?" Basi niwape siku yangu moja ya wiki hii ilivyoenda.

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka, mwendokasi toka Kimara, saa moja kasoro niko karakana napanga begi: pampu ya mkono, spana, tefloni, na masta geji, yaani ile geji sahihi ya kulinganishia nyingine, kwenye boksi lake la sponji. Hiyo naibeba mapajani njia nzima, maana ikidondoka hata mara moja siiamini tena mpaka ikalinganishwe upya maabara.

Saa mbili kiwandani. Tukaanza na kompresa na pampu, hizo huwa zinaenda fasta, unafungua geji unaifunga kwenye pampu ya mkono pamoja na masta, unapandisha presha kituo kwa kituo mpaka mwisho wa skeli halafu unashuka nayo vilevile, kila kituo unasoma jicho likiwa mbele ya mshale sio pembeni, unagonga kidogo na kidole, unasoma tena. Kuna moja ya pampu ya maji ilisimama baa 6.2 (baa ndo kipimo cha presha), nikaigonga mshale ukaruka mpaka 6.8. Hiyo imekwisha, meno yake ya ndani yamelika kwa mtetemo. Pale panataka geji yenye gliserini ndani ndo mshale utulie, nikaandika hivyo kwenye fomu.

Saa nne tukafika kwenye boila, mtambo wa kuchemsha maji yatoe mvuke, siku ikagandia hapo.

Koki ya chini ya geji imeshika kutu, haifungi. Sasa mvuke wa baa 7 una joto la kama nyuzi 170, huwezi kufungua geji hapo mpaka boila lipoe na presha iishe. Supavaiza wa uzalishaji anasema fundi subiri bachi, yaani mzigo ulio kwenye mashine, iishe, bachi ikaisha wakaingiza nyingine, nikauliza akasema hii ndo ya mwisho, na mi nimesimama kwenye lile joto shati limeganda mgongoni, siwezi kuondoka maana nikiondoka wataandika fundi hakuwepo. Mzee anayewasha boila ndo alinihurumia, "mwanangu njoo ukae huku kwenye upepo", akanipa maji ya kunywa.

Mchana hata sijala anakuja mtu wa stoo na geji mpya mkononi. Ya kupima mpaka baa 40.

"Kaka hii ni kubwa, hii haipasuki, na bei yake poa."

Nikamwambia kaka, hapa hapana. Akacheka akasema geji ni geji. Nikamgeuzia usoni nikamwonyesha pameandikwa 2.5, hilo ndo daraja lake, maana yake inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya skeli yote, sio ya unachosoma, kwa hiyo kwenye baa 40 ni baa 1 nzima juu au chini popote pale mshale ulipo. Mzee hapa akisoma 7, ukweli unaweza kuwa 8 na geji bado inahesabika ni nzima! Chukua ya baa 16 ya daraja 1.6, kosa linashuka mpaka robo ya baa hivi, na presha yenu ya kila siku inakaa karibu na katikati ya skeli ambapo mzee anaiona vizuri hata akiwa mbali. Ndani ya geji kuna kibomba kilichokunjwa, presha ikiingia kinataka kunyooka ndo kinasukuma mshale, Mfaransa Eugène Bourdon alikisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1849 na mpaka leo maboila yanategemea hichohicho. Ukikipa skeli ndogo mno kinachoka, ukikipa kubwa mno hakisogei vya kutosha. Akasema ataongea na bosi, akapotea, nikampigia bosi mwenyewe, nikarudia yote tangu mwanzo kwenye simu kelele za mashine zikiwa sikioni.

Sijui ilikuwa saa ngapi geji ya baa 16 ilipofika, jua lilikuwa limeshageuka. Presha ikashuka, tukabadilisha koki, nikajaza maji kwenye bomba la mkunjo linaloleta presha kwenye geji, kabla ya kufunga geji, maana maji yale ndo yanazuia mvuke usiguse kibomba cha ndani ukakiunguza. Nikachora mstari mwekundu kwenye presha ya mwisho inayoruhusiwa. Boila likawashwa, mzee akasimama mbele ya geji akasoma kwa sauti, "saba kamili", akanipa mkono.

Nimefika nyumbani usiku miguu inawaka na ripoti bado. Kesho ni geji za oksijeni, hizo hazitaki mafuta hata tone maana oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inalipuka, kwa hiyo pampu inayotumia mafuta inabaki karakana na vifaa vya oksijeni nimeshavitenga.