Amber ale ya gereji hapa Portland, na mama mkwe anauliza ndizi ziko wapi

Watu wa nyumbani wakisikia napika pombe gereji wanajua ni gongo. Hapana jamani, ni bia, tena kihalali kabisa, rais Jimmy Carter wa Marekani alisaini hiyo sheria mwaka 1978 na tangu hapo nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa mpaka galoni 200 kwa mwaka, ukiwa peke yako galoni 100, sharti moja tu usiuze. Mimi na mama watoto hata robo ya hizo hatufikishi.

Sasa amber ale ni nini, maana sisi kwetu bia ni lager, ya njano, ya baridi au ya moto, basi. Hii rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea, ina harufu ya karameli kidogo alafu nyuma yake uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Oregon hii kila baa utaikuta. Ukionja ya mtu anayejua kuipika unamaliza glasi bila kujijua, ila ya kupika mwenyewe mara nyingi inageuka sharubati, na hapo ndo kasheshe ilipo.

Resipi niliyoanza nayo nilipewa na jamaa wa duka la vifaa, lita 19, ndani yake gramu 900 za kimea cha kristali. Hicho ni shayiri iliyooteshwa, kabla haijakauka inapashwa moto na unyevu wake mpaka sukari inapikika humohumo ndani ya punje, nyingine inakuwa karameli ambayo hamira haiwezi kuila yote. Kwahiyo utamu unabaki. Glasi ya kwanza watu wanasifia, ya pili unaona inakaa mezani mpaka povu linaisha. Nikacheki haidromita, kile kifaa cha kupima uzito wa bia ukilinganisha na maji (sukari ikiliwa unashuka), uzito umegoma kwenye 1.018, haushuki ng'o, na hamira ilikuwa nzima tu.

Wengi hapo wanakimbilia kuongeza hopsi ili uchungu ufunike utamu. Mimi naona hiyo ni kugombanisha vitu viwili wakati kimoja ungekipunguza tu. Nikaanza na joto. Ile resipi ilisema uloweke kimea kwenye maji ya nyuzi 69 za Selsiasi, na pale ndani kuna vimeng'enya vya aina mbili, kimoja kinakatakata wanga kuwa sukari ndogondogo ambazo hamira inazila, na chenyewe kinapenda joto la chini, 62 mpaka 65 hivi, kingine kinafanya kazi vizuri ukipandisha kidogo ila kinaacha vipande virefu ambavyo hamira haivigusi. Ukienda 69 yule wa kwanza anakufa mapema. Nikashuka 66 kwa saa nzima, kila kitu kingine nikaacha vilevile kwa makusudi, maana ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hata ikija nzuri hujui umshukuru nani. Ikawa nyepesi, ila karameli bado ilikuwa inapiga kelele.

Ndo nikaingia kwenye kristali sasa. Kutoka gramu 900 mpaka 340 tu, na hizo nimezigawa, 230 za namba 60 (namba ni kipimo cha rangi) na 110 za namba 120 ambayo ni nyeusi zaidi, ina ladha ya zabibu kavu na haina ule upipi. Pengo nikaliziba na gramu 450 za kimea cha Munich, hicho kinakupa ladha ya mkate bila kuacha utamu, na kimea cha kawaida kilo 4 na kidogo. Rangi ikapauka kwahiyo nikaongeza shayiri iliyokaangwa, gramu 50, usizidishe hapo maana ukizidisha unaanza kusikia kahawa. Ikatoka nyekundu ukiishika kwenye taa, raha kuiangalia.

Hopsi natumia Cascade, nayo ni ya hukuhuku, ilitolewa Corvallis mwaka 1972, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu. Ina harufu ya balungi. Nyingine inaingia mwanzo wa kuchemsha ichemke saa nzima kwa ajili ya uchungu, nyingine dakika kumi za mwisho, na konzi moja nikishazima moto.

Siku hiyo ya kuchemsha mama mkwe akapiga video kutoka Marangu, Kilimanjaro, ambako pombe ni mbege ya ndizi na ulezi, nikamgeuzia simu aone sufuria. Akaangalia weee.
"Baba, ndizi ziko wapi?"
"Hakuna ndizi mama, ni shayiri tupu."
"Na msesewe?"
Nikamwonyesha hopsi kwenye kiganja, vidonge vya kijani, nikamwambia hivi ndo vinatia uchungu kama gamba la msesewe. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kimea kimeota siku ngapi, nikamwambia nanunua kimeshaota na kukauka kabisa. Alicheka mpaka simu ikadondoka. Kwake yeye mtu asiyeotesha ulezi wake mwenyewe hajapika mbege, amepasha moto tu.

Maji nayo tusiyasahau. Portland tunakunywa maji ya Bull Run, ni mvua ya msituni, laini mno, madini karibu hakuna. Kwa amber ale naweka kijiko cha chai cha jasi, hopsi zinakuwa kali na safi badala ya kulala ulimini. Alafu wanatia dawa ya klorini iliyochanganywa na amonia, hiyo haitoki kwa kuchemsha kirahisi, unaponda robo ya kidonge cha Campden unakoroga humo, vinginevyo bia inanuka plasta ya kidonda.

Hamira ni US-05, joto la 18 kwenye kabati la gereji, wiki mbili. Kwenye chupa gramu 115 za sukari kwa lita zote 19, wiki mbili nyingine ndo unafungua. Ya mwisho imeanza 1.054 ikaishia 1.013, kama asilimia 5.4 hivi, na safari hii hakuna glasi iliyobaki mezani.

Mkenya mmoja rafiki yangu anasema eti bado iko mpole, niongeze kimea ifike saba. Nimemwambia boss, ikifika saba hiyo siyo amber ale tena, sufuria yangu nakuazima, njoo Jumamosi upike ya kwako.